Mwalimu Ndizeye na Gari Lake Jeupe

Gari la Mwalimu Ndizeye lilikuwa jeupe kwenye karatasi za serikali tu. Aliyelitazama kwa macho yake aliona mambo mengine. Boneti ilikuwa imebambuka kama ngozi ya mtu aliyetoka kuugua surua. Paa lilikuwa limefifia hadi kufanana na majivu, na mlango wa kushoto, ambao aliununua Bukavu baada ya ule wa kwanza kugongwa na mkokoteni, uling'aa peke yake kama jino jipya mdomoni mwa mzee. Mwenyewe hakuyaona hayo. Kwa miaka kumi na miwili alilifuta kila asubuhi kwa kitambaa, na mtu anachokifuta kila siku hukiona kipya kila siku.

Siku moja ya Jumapili mwezi wa saba, wakwe watarajiwa walipanda kutoka Bugarama kuja Kamembe kupanga arusi ya binti yake, Umuhire. Ilikuwa imebaki majuma matatu. Wakala, wakanywa, wakafika kwenye habari ya magari ya msururu. Shangazi wa bwana arusi, Mama Mukantwari, mwanamke mnene mwenye kinu cha mpunga na ulimi usiokosa chumvi, alichungulia uwanjani akauliza kama lile ni gari au ni yai lililomenywa na mtu mwenye haraka. Watu walicheka. Ndizeye naye alicheka, tena kwa sauti.

Kilichomuuma kilikuja baadaye. Wageni walipokwisha kuteremka, alikwenda jikoni kutafuta maji, akasikia Umuhire akimwambia mama yake kwa sauti ya chini kwamba gari la Papa lingefaa kukaa mwisho wa msururu, au bora zaidi libebe viti na masufuria, na kwamba tafadhali Papa asiambiwe hivyo, atafutiwe maneno mengine. Ndizeye alirudi kinyumenyume kwa ncha za vidole, akafika sebuleni, akakohoa mara mbili, ndipo akaja tena jikoni kama mtu anayefika kwa mara ya kwanza. Jioni hiyo Umuhire alipanda basi kurudi kazini Kigali. Asubuhi yake, kwenye chai, Ndizeye alimtangazia mkewe kwamba atalipaka gari rangi yeye mwenyewe, hapo hapo nyumbani.

Patricie alimtazama, akamwongezea sukari. Akamkumbusha kwamba chini ya barabara, hatua mia mbili kutoka kwenye lango lao, palikuwa na garaji ya Nasiri, na kwamba watu walivuka mpaka kutoka Bukavu kumletea Nasiri magari yao, kwa sababu gari akishalipaka, hata nzi anateleza. Ndizeye akajibu kwamba yeye alipaka chokaa madarasa sita kwa mikono yake, na gari ni darasa dogo lenye magurudumu. Patricie akasema darasa haliendi arusini. Kisha Ndizeye akataja rangi ya buluu, buluu ya ziwa wakati wa asubuhi. Patricie akamuuliza kama atamweleza polisi wa barabarani mambo ya ziwa, maana karatasi ya njano ya usajili ilisema gari ni jeupe. Wakakubaliana nyeupe.

Sababu ya kumkwepa Nasiri wote wawili waliijua, ila hawakuitaja. Nasiri alikuwa mwanafunzi wake. Ndizeye alikulia Bukavu, akarudi Rwanda pamoja na wakimbizi waliorudi, na miaka ile ya mwanzo alifundisha shule ya msingi hapo Kamembe kwa ukali uliokuwa gumzo. Nasiri, mtoto wa fundi viatu Mwislamu, aliacha shule akiwa darasani kwake, darasa la tano. Sasa alikuwa na miaka karibu arobaini, na kila alipokutana na Ndizeye aliweka mkono kifuani na kumwamkia kwa heshima nzuri kupita kiasi. Ndizeye hakuamini kwamba heshima nzuri namna ile haikuwa na kitu chini yake. Miaka kumi garaji ile ilikuwa imefunguliwa na hakuwahi kuingia. Hata upepo wa matairi alikwenda kuutafuta mbali, kule karibu na uwanja wa ndege.

Basi Jumatatu akaanza. Alinunua msasa, rangi, na dilua ya kuilainishia, akavaa koti la kaki alilokuwa akisimamia nalo mitihani, akaanza kusugua boneti. Kusugua gari ni kazi inayoonekana rahisi kwa saa moja. Kufika saa sita mikono yake ilikuwa haiwezi kushika kikombe, na Patricie alimshikia, akamnywesha kama mtoto, na hilo ndilo lililomchoma Ndizeye kuliko maneno.

Katika milima yetu uwanja wako ndio televisheni ya jirani wa juu. Jirani wa juu aliitwa Munyemana, mzee wa kanisa, naye pia alikuwa amepita mikononi mwa Ndizeye zamani. Alileta kiti chake ukingoni mwa ua wake, akawa anatoa mashauri ambayo hakuombwa. Alisema msasa unashikwa kwa maji. Alisema tena hapana, ni mkavu. Wanawake waliopanda na mabeseni ya dagaa wa sambaza kutoka kisiwa cha Nkombo walizoea kupumzika kwenye kona ile, na juma hilo walipumzika muda mrefu zaidi.

Jumanne na Jumatano zilipita kwenye kusugua. Jumatano jioni alikoroga mastike, ile dawa ya kuziba mabonde kwenye bati. Hakujua kwamba ikishakorogwa haingoji mtu. Alikoroga ya kutosha magari matatu, katika sahani ya Patricie, na alipokuwa bado anatafuta kijiti cha kupakia, ilikuwa imegeuka jiwe. Patricie aliichukua ile sahani, akaiweka dirishani mahali pa kuonekana, akaendelea na mapishi.

Alhamisi ilikuwa zamu ya kufunika vioo. Ndizeye alitaka magazeti, lakini hapakuwa na magazeti. Patricie akaingia chumbani, akaburura sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Mlikuwa na karatasi za mitihani za miaka yote, ambazo Ndizeye alikataa kuzitupa kwa madai kwamba siku moja wizara itazihitaji. Patricie alimwambia kwamba wizara imechelewa. Akapika uji mzito wa muhogo, akabandika karatasi mwenyewe, kioo kwa kioo, huku Ndizeye akifunga taa kwa mifuko.

Hapo ndipo kazi ya mtu mmoja ikawa ya mtaa mzima. Wa kwanza kuona alikuwa Munyemana, aliyeteremka kuazima kiberiti asichokihitaji. Alisogea kwenye kioo cha dereva, akainama kusoma. Pale palikuwa na mtihani wa hesabu wenye jina lake, mafungu na sehemu, nne juu ya ishirini, na kando yake wino mwekundu ukisema kwamba mwanafunzi huyu anagawa vitu kama mtu asiye na ndugu. Munyemana alikuwa mweka hazina wa kanisa. Aliomba karatasi ile igeuzwe upande wa pili. Patricie akasema uji umeshakauka.

Kufika jioni watu walikuwa wanalizunguka gari kama wanaosoma orodha ya waliofaulu. Watu wazima wenye watoto walitafuta majina yao. Mmoja aligundua kwamba mkewe alikuwa akimzidi katika kila somo, jambo ambalo mkewe alikuwa amelisema siku zote. Ndizeye alisimama pembeni na koti lake la kaki, hajui kama aone haya au aone fahari.

Ijumaa akapaka. Hakuwa na kompresa wala pistole ya kupulizia rangi, ila alikuwa na pampu ya mgongoni ya kupulizia nyanya dawa, na aliiosha vizuri. Pampu ya nyanya hutema matone, na rangi yake ilikuwa nzito. Upande wa kulia ukatoka na vipele kama ganda la chungwa. Upande wa kushoto rangi ikachuruzika, mistari mirefu mirefu, hata gari likaonekana linalia kwa jicho moja. Barabara ilikuwa kavu, kila pikipiki iliyopita ilituma vumbi lake likanate. Alipokwenda kunawa uso, kuku mwekundu wa Patricie alipanda kwenye boneti, akatembea toka upande huu hadi ule kwa utulivu, akashuka. Ndizeye alirudi akazikuta nyayo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na hakuinuka hadi alipoitwa kula.

Habari za karatasi zilikuwa zimeteremka barabarani. Jumamosi asubuhi lango lilibishwa polepole, na aliyeingia alikuwa Nasiri, amevaa kanzu safi, mkono kifuani. Aliuliza habari ya mgongo wa Mwalimu na habari ya maandalizi ya arusi. Kisha akalizunguka gari bila kuligusa. Alichuchumaa mbele ya boneti, akazitazama nyayo za kuku kwa muda mrefu. Akafika nyuma. Kwenye kioo cha nyuma, katikati kabisa, mahali ambapo rangi haikufika, palikuwa na karatasi ya kuchora. Mbuzi wa penseli, jina la Nasiri kwa herufi za mtoto, tano juu ya ishirini, na maandishi mekundu: *Mbuzi hana miguu mitano. Mikono hii ni ya kuchunga, si ya kuchora.*

Ndizeye, ambaye alikuwa hajaiona karatasi ile ilipobandikwa, aliisoma wakati ule ule na Nasiri. Aliketi juu ya ile ndoo yake ya jana.

“Mwalimu,” Nasiri alisema, “uliandika kama hii mbuzi iko na miguu tano.”

“Iko nayo. Uhesabu.”

“Nilihesabu tangu ile siku. Ya tano haiko yake. Ni ya mutoto yake. Mutoto iko nyuma, inanyonya.”

Ndizeye aliinuka kutoka kwenye ndoo, akatafuta miwani mfukoni, akainama hadi pua yake ikakaribia kioo. Nyuma ya tumbo la mbuzi palikuwa na mstari mdogo uliojikunja, ambao yeye aliuona kuwa uchafu wa penseli. Sasa aliona ulikuwa mgongo. Palikuwa na masikio mawili, madogo kama mbegu. Palikuwa na kichwa kilichoinuliwa kuelekea kiwele. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amechora kitu kilicho nyuma ya kitu kingine, na mwalimu wake alihesabu miguu tu.

Alivua miwani. Mlangoni pa jikoni Patricie alikuwa ameacha kuchambua maharage.

“Nilikosa, Nasiri,” alisema. “Nilikosa kabisa.”

Nasiri alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa kitu kizito akawa hajui pa kukiweka. Akasema kwamba baba yake aliposomewa yale maneno alicheka sana, akamwambia vizuri, basi achunge mbuzi. “Lakini twiko fundi ya viatu, hatukukuwa na mbuzi hata moja. Ndiyo nikaenda kwa garaji.”

Ndizeye alitaka kucheka lakini aliona hajapewa ruhusa. Badala yake alifanya jambo ambalo Patricie alilisimulia kwa miezi mingi baadaye. Alichomoa kalamu yake nyekundu, ambayo hata baada ya kustaafu haikutoka kwenye mfuko wa shati, akamkabidhi Nasiri, akamwomba aisahihishe kazi iliyo mbele yao, bila huruma.

Nasiri aliikataa kalamu. Lakini alilizunguka gari tena, safari hii akipapasa bati kwa kiganja. “Tano ku makumi mbili,” alisema hatimaye. “Nakuongezea moja ya kusugua. Ulisugua muzuri, Mwalimu. Kwa rangi, hapana.”

Hapo Ndizeye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile ya wakwe, na Munyemana huko juu, ambaye hakusikia vizuri, naye akacheka ili asipitwe.

Nasiri alisema kwamba rangi yote itatolewa, kazi itaanza upya. Hakutaka gari literemshwe garajini, Mwalimu abaki kulitazama kwa mbali. Atapandisha kompresa yake hadi hapo, na Mwalimu atafanya kazi kama mwanafunzi, kwa sababu alichokianza mtu akimalize. Mafundi wake wawili, wanaume wenye ndevu, walikuja Jumatatu wakawa wanamwita Ndizeye *eleve*, mwanafunzi.

Haikuwa rahisi kumfundisha. Aliuliza maswali mengi, na alikuwa na tabia ya kueleza jambo kwa wengine kabla hajalielewa. Nasiri alimjibu polepole kila mara, bila kupandisha sauti, na Ndizeye aliona hilo, akalinganisha kimoyomoyo na namna yake mwenyewe ya zamani, na hakupenda alichokiona. Alifundishwa kulainisha rangi mpaka iteleze kwenye kijiti bila kukatika. Alifundishwa kumwagia maji uwanjani ili vumbi lilale. Alifundishwa kufumba macho na kupitisha kiganja juu ya bati, kwa sababu kiganja huona bonde ambalo jicho limeliruka. Mlango wa kushoto alirudishwa kuusugua mara tatu. Mara ya tatu alisugua akinung'unika, na fundi mwenye ndevu akamwambia kwa upole kwamba eleve mzuri hanung'uniki.

Patricie alipika kwa ajili ya watu wote hao. Yule kuku mwekundu aliondoka siku ya pili, amefungwa miguu, kwenda kwa mkewe Nasiri kama shukrani, na hakuna aliyemlilia. Katikati ya juma, wakichambua mboga, Ndizeye alimuuliza mkewe kama ile karatasi ya mbuzi ilijikuta kwenye kioo cha nyuma kwa bahati. Patricie alisema aliitafuta sandukuni tangu Jumatatu ile alipoanza kusugua. Ilikuwa chini kabisa.

Rangi ya mwisho Nasiri aliipaka mwenyewe, asubuhi mapema kabla ya upepo, akiifuata bati kwa pistole bila kusimama, kama mtu anayepuliza chai ya mtoto. Ndizeye aliomba, akaomba tena, apewe sehemu moja ajaribu. Nasiri alifikiri, akampa paa. Alisema paa halionwi na mtu. Alisema hivyo kwa kuwa garaji yake ilikuwa chini ya barabara na magari yote yapitayo aliyatazama kutoka chini. Karatasi ya mbuzi alikuwa ameiomba kabla rangi haijaanza, akaibandua taratibu kwa maji ya moto. Ndizeye alitaka kwanza abadilishe alama, aandike kumi na nane. Nasiri akamwambia aache vilevile, kwamba wateja wataipenda zaidi hivyo.

Umuhire alifika kutoka Kigali Alhamisi ya juma la arusi. Alipita uwanjani na mzigo wake, akaamkia, akauliza lile gari la kukodi limeletwa na nani. Baba yake alikuwa anasoma, au alikuwa ameshika kitabu. Alimwacha aulize mara ya pili. Ndipo Umuhire akaona namba za gari. Aliweka mzigo chini, akalizunguka, akagusa mlango kwa upande wa nyuma wa mkono wake. Kisha akamtazama baba yake, akaona vidole vyake vilivyochubuka.

“Papa, ulisikia.”

“Nilisikia,” Ndizeye alisema. “Na ulisema kweli. Hata ikikaa nyuma ya kortege, ule msururu wenu, itakaa safi.”

Umuhire alilia kidogo, akajifuta, akasema kwamba asipopanda gari hilo hapandi jingine, na kwamba mpangaji wa msururu atafute namna yake. Ndizeye alimwonya asiegemee mlango, rangi ni changa.

Jumamosi walitoka kanisani Kamembe kuelekea ukumbi wa Bugarama, gari la Mwalimu likiwa mbele na maua yake, Munyemana akiendesha kwa sababu vidole vya Ndizeye vilikuwa bado havijapona michubuko ya msasa. Barabara ya kwenda Bugarama huteremka kwa kona nyingi, kona juu ya kona, hadi kwenye tambarare ya joto yenye mashamba ya mpunga. Na kwenye kona kama zile, walio nyuma huwa juu, na walio mbele huwa chini yao. Msururu mzima, magari tisa, ukateremka ukilitazama paa la gari la bibi arusi.

Paa lilikuwa na wimbi. Rangi ilianza nyembamba, ikanenepa katikati, ikatulia pembeni kama pazia lililokunjwa, na kwenye jua la saa nane kila kunjo lilionekana. Katika gari la tatu Nasiri, aliyealikwa pamoja na mkewe, alifunika uso kwa kiganja.

Ukumbini, zamu ya wakwe kusema ilipofika, Mama Mukantwari alisimama. Alilisifu gari, akasema ametafuta kosa ubavuni na hakulipata, na kwamba yeye kukosa kosa ni jambo la kuandikwa. Kisha akauliza, kwa kuwa yeye ni mtu wa kuuliza, ni fundi gani aliyepaka kule juu, na kama siku hiyo palikuwa na tetemeko la ardhi.

Watu wa Kamembe wote walimgeukia Nasiri. Nasiri aliinamia soda yake.

Ndizeye alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alisema paa ni kazi yake. Alisema aliyepaka gari lote ni mwalimu wake, anaitwa Nasiri, amekaa pale karibu na nguzo, na yeye mwenyewe ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Akaketi. Ukumbi ulipiga makofi, na Mama Mukantwari alipiga zaidi ya wote, akampelekea Ndizeye sahani ya pili ya wali.

Siku hizi Ndizeye huteremka garajini Jumatatu na Alhamisi na koti lake la kaki. Hapewi kitu zaidi ya msasa, na husugua vizuri. Mafundi wenye ndevu wanakiri. Wateja kutoka ng'ambo huuliza kuhusu mbuzi wa penseli aliyebandikwa ukutani, naye huacha kazi, huwaonyesha masikio mawili na mgongo mdogo, na huwaeleza kwa kirefu alivyokosa kuyaona. Nasiri humwacha amalize. Pistole bado hajampa.